Mwavuli wa Mfaume

Tone la kwanza lilidondoka kabla mwadhini hajasafisha koo. Lilidondoka nyuma ya nyumba, kutoka kwenye koki ya tanki la maji, wala halikulia kama tone linaloangukia ardhi. Lililia ndumm, sauti nene ya mbali, kama mtu anayegonga mlango wa chumba kisicho na vyombo. Demetria alikuwa macho tayari. Alikaa kwenye meza ya chakula, simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi imulike karatasi, akaisikiliza sauti ile kama alivyoisikiliza kila alfajiri kwa miaka miwili, akajiambia kwamba leo lazima amkumbushe Gozbert kuhusu koki, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Alfajiri ndiyo ilikuwa ofisi yake. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili kasorobo alikuwa mwandishi wa vitabu vya watoto. Baada ya hapo alikuwa mama Loveness, mke wa Gozbert na mpangaji wa Bi Tabu, ikitegemea nani kaita kwanza. Vitabu vyake viwili vidogo vilishatoka, kimoja cha mbuzi aliyekwenda kliniki, kingine cha meno. Hiki cha tatu kilikuwa riwaya kamili, kurasa tisini, inayoeleza chanzo cha mtaa wanaokaa, huku Wazo, mtaa unaoitwa Kwa Mfaume. Watu walioujaza mtaa huo walitoka mikoa yote ya nchi, na ukiwauliza Mfaume ni nani, mmoja atakwambia ni mwenye baa, mwingine atakwambia ni kituo.

Gozbert, karani wa kampuni ya mizigo Ubungo, alikuwa amempa mwaka mmoja. Hakuusema kwa ukali. Aliusema kama mtu anayepanga safari: kitabu kikipita, aendelee, kisipopita, dada yake Gladness alikuwa anatafuta mtu wa kukaa kwenye duka lake la madaftari, pale pale Ubungo, na wangekuwa wanapanda gari moja asubuhi. Tangu siku hiyo chumvi ikiisha aliuliza, "Mwandishi, chumvi je?" na sukari ikiisha vilevile. Mwaka ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huu, na kitabu kilikuwa kimebakiza kitu kimoja tu.

Kitu hicho kilikuwa barua. Adelard, mhariri wa shirika la vitabu lenye ofisi Kinondoni juu ya duka la mapazia, alikuwa amemweleza taratibu. Mwaka juzi walitoa kitabu cha mtaa mwingine, ndugu wa marehemu aliyeandikwa humo wakaja ofisini na mikeka yao, wakakaa siku mbili mpaka neno moja lilipoondolewa. Tangu hapo hakuna kitabu cha mtu halisi kinachokwenda kiwandani bila barua ya ridhaa yenye sahihi ya ukoo.

"Hadithi ya marehemu ina wenyewe, dada Demetria," alisema. "Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana, barua iwe mezani kwangu. Ikipita hapo, labda mwakani."

Mwakani Demetria angekuwa nyuma ya kaunta Ubungo, akiuza madaftari ya kuandikia watu wengine.

*

Hadithi yenyewe alikuwa ameipata kwa Mzee Salumu, muuza mkaa wa kona. Alikwenda kwake alasiri tatu mfululizo, akatoa shikamoo, akaweka simu juu ya gunia irekodi. Mzee Salumu alidai soda baridi kwanza, akafuta mikono, akakaa sawa. Alisimulia bila kutabasamu hata mara moja, kama hakimu anayesoma hukumu, na Demetria, aliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni huku Loveness akiwa mgongoni, alijifunza zamani kwamba mzee asiyetabasamu anasema mambo ya maana.

Mfaume, alisema Mzee Salumu, alikuwa mtu wa watu na mwenye dini yake. Siku ya harusi yake alimaliza sufuria la wali kabla wageni hawajafika, lakini hilo ni la kibinadamu. Tatizo lake lilikuwa vyura.

"Alikuwa anaogopaga vyura, mwanangu. Chura mkubwa, chura mdogo, hata ukimwimbia tu wimbo wa chura."

Kwa hiyo Mfaume alipoanza kuchimba kisima, hiki kilichouzaa mtaa, akafika kwenye udongo wa maji, chura mmoja akaruka. Mfaume akatoka shimoni, asirudi tena. Mkewe, Binti Kondo, alikuwa amechoka kwenda mtoni na ndoo kichwani kila kukicha. Akafunga kanga kiunoni, akashuka yeye. Akachimba siku arobaini.

"Na Mfaume?" Demetria aliuliza.

"Alishika mwavuli."

Ulikuwa mwavuli pekee upande wote huu, kaununua mjini kwa pesa ya nazi. Alisimama ukingoni tangu asubuhi mpaka jioni kumkinga mkewe na jua. Mkono wa kulia ukichoka, anahamishia wa kushoto. Alipokufa, Mzee Salumu alimalizia, wachimba kaburi walimpimia mfupi kwa makusudi, ikabidi azikwe kakunja magoti, mpaka walipolipwa ndipo wakamnyoosha.

Wateja waliokuja kupimiwa mkaa walicheka. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa juu ya gunia, akainuka na gauni jeusi nyuma. Demetria aliona furaha ya watu ambao historia yao hatimaye inaandikwa, na moyo ukamjaa. Aliandika yote: wali, vyura, mwavuli, magoti. Kwenye mwavuli aliongeza sentensi yake mwenyewe, ya mume anayebadilisha mkono na kuuliza chini shimoni, "Kivuli kinakufikia?" Aliiandika alfajiri moja Gozbert akikoroma chumbani, akaisoma mara nne.

*

Bi Tabu, mjukuu wa Mfaume na mwenye nyumba wao, alikuwa amepita miaka sabini na alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, hivyo kitabu ilibidi asomewe. Alikaa barazani na bintiye Farida pamoja na wanawake watatu wa ukoo, chai imeshamiminwa. Demetria alisoma vizuri, akibadilisha sauti kama anavyomsomea Loveness. Alipofika kwenye chura, wanawake wakaanza kutazama ndani ya vikombe. Alipofika kwenye magoti, Farida aliingia ndani kuchukua kitu ambacho hakurudi nacho.

Bi Tabu alingoja mpaka mwisho wa sura.

"Nani kakwambia haya, mwanangu?"

"Mzee Salumu, bibi."

Hapo wanawake wakaachia. Walicheka kwa kushikana mabega, si kwa ubaya, ndiyo maana iliuma zaidi. Bi Tabu hakucheka.

"Salumu ni mtani wetu," alisema. "Yeye Mnyamwezi, sie Wazaramo. Marehemu mume wangu alipofariki, Salumu alilala mlangoni jeneza lisitoke mpaka apewe jogoo. Ulikuwepo."

Demetria alikuwepo. Alidhani ni mzee aliyechanganyikiwa kwa majonzi, na kesho yake alimpelekea uji. Kwao Muleba utani aliokua nao ulikuwa wa mashemeji, wa kufichiana viatu. Hakuwahi kuona unaozuia maiti mlangoni.

"Mtani ana ruhusa ya kutusema tulio hai na waliokufa," Bi Tabu aliendelea, "na sie tunamsema vilevile. Lakini maneno yake yanaishia kwenye kicheko. Wewe umeyabeba ukayapeleka kitabuni, watoto wayasome, wafanyie mtihani."

Alisogeza karatasi kwa ncha ya kidole mpaka zikafika ukingoni mwa meza. Barua ya ridhaa haikutajwa. Demetria alikusanya kurasa zake, moja ikiwa na duara la chai juu ya neno Mfaume, akaaga kwa adabu zote anazozijua.

Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Muuza nyanya alimwongezea fungu moja, akasema ni la vyura. Gozbert alipoambiwa hakucheka mezani. Alimaliza ugali wake, akanawa, akaenda bafuni kucheka huko, na bafu lao halikuwa na dari.

Kesho yake Demetria alimfuata Mzee Salumu. Hakugomba. Aliuliza tu kwa nini hakumwambia kwamba anatania.

"Hukuniuliza kama ni kweli," mzee alisema, akipima kopo la mkaa.

"Basi sasa nauliza."

Mzee Salumu alilijaza kopo mpaka likawa na mlima juu, akalitazama, akapunguza kipande kimoja.

"Sasa umeshakasirika. Mtu mwenye hasira akiambiwa kweli, anaona anataniwa."

*

Toleo la pili lilimchukua alfajiri tisa. Aliliandika kama Bi Tabu alivyolitaka, maagizo yakiletwa na Farida: Mfaume alichimba peke yake, siku saba, amefunga, na siku ya saba maji yakatoka matamu. Vyura waliondoka. Sufuria la wali liliondoka. Binti Kondo akabaki kwenye sentensi moja, akipika. Adelard alisoma sura mbili kwenye simu, akampigia mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema sasa hapa tuna shujaa. Alisema siku zote alikuwa anajiuliza mtoto atajifunza nini kwa mtu aliyesimama tu na mwavuli.

Gozbert naye alipumua. Alianza kumwita mwandishi hata siku ambazo chumvi ipo.

Mtu pekee ambaye hakuridhika alikuwa na miaka saba. Loveness alikuwa darasa la pili na tangu ajue kusoma hakuna maandishi yaliyokuwa salama. Alisoma mabango, mifuko ya saruji, risiti za baba yake, kwa sauti, kidole kikifuata. Jioni ya Jumatano alizisoma kurasa za mama yake akiwa amelala kifudifudi sakafuni, akageuza ya mwisho, akarudi nyuma.

"Mama, mwavuli uko wapi?"

"Tumeutoa, mwanangu. Haukuwa wa kweli."

Loveness alifikiri. "Kwa hiyo yule bibi yuko juani?"

Demetria alimwambia yule bibi hachimbi tena, anapika. Mtoto aliinuka akaenda kuchota maji ya kuoga, na mama akabaki na zile kurasa. Zilikuwa safi, hazina kosa hata moja. Alizisoma mara moja tu.

*

Alhamisi alasiri alirudi barazani. Alisoma toleo la pili mwanzo hadi mwisho wa sura ya kisima. Safari hii vikombe vilinyanyuliwa na kushushwa kama kawaida. Siku ya saba ilipofika, mwanamke mmoja alisema mashallah. Bi Tabu alinyoosha mkono apewe kalamu, Farida akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, ncha ikagusa karatasi.

Demetria alijua kabisa kwamba angetakiwa kunyamaza. Gozbert alimwambia asubuhi ile anyamaze. Mdomo ukafunguka.

"Bibi, samahani. Na Binti Kondo, siku zile saba, alikuwa wapi?"

Kalamu ilisimama. "Alikuwepo."

"Akifanya nini?"

"Anafanya ya nyumbani."

"Bila maji?"

Bi Tabu aliiweka kalamu chini. Farida alimtazama Demetria kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekalia mtoto.

"Kumbe bado unamwamini Salumu," Bi Tabu alisema polepole. "Haya. Babu alipokufa kisima kilifunikwa, watoto wasitumbukie. Mie nilikuwa na miaka sita, nilikuwepo. Zege likiwa bichi fundi akaandika juu yake na msumari. Nikamuuliza baba, pameandikwaje? Akanambia pameandikwa jina la babu yako na kazi aliyoifanya. Mpaka mie najua kusoma, udongo ulishapafukia. Unajua ni wapi?"

Demetria alisema hajui.

"Unapotekea maji kila siku. Chini ya tanki lako."

Akaamuru kesho saa mbili tanki lisogezwe. Akasema mbele ya wote waliokaa pale, wawe mashahidi wake, kwamba kitakachosomwa pale ndicho Demetria akiandike, na hicho hicho yeye Bi Tabu atakitilia sahihi papo hapo, asiongeze wala asipunguze neno. Alisema kwa utulivu wa mtu aliyeshikilia ushahidi huo miaka sitini na zaidi.

"Na fundi alikuwa nani, bibi?" Demetria aliuliza, ili tu aiandike vizuri.

"Baba yake Salumu. Fundi hodari."

Farida alikohoa. Wanawake watatu walitazamana, kisha wote kwa pamoja wakapata hamu ya kumiminiwa chai. Bi Tabu, kwa macho yake yale, hakuona kitu.

*

Ijumaa asubuhi maji yalikuwa yametoka usiku na tanki lilikuwa limejaa hadi shingoni, kwa hiyo ilibidi litolewe maji kwanza. Habari za maji ya bure zilifika mbali kuliko habari za Mfaume. Watu walikuja na ndoo, mabeseni, madumu, mmoja na sufuria. Gozbert alikuwa ameomba ruhusa kazini mpaka saa nne, akasimamia foleni na suruali ya ofisi kaikunja mpaka magotini. Kila ndoo iliyojaa alimtazama mkewe mara moja, kama anayemhesabia, na Demetria alielewa kwamba yale yaliyokuwa yakimwagika pale ni mwaka wake. Barua ilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mkoba, na kutoka Wazo mpaka ofisini kwa Adelard hakukosi saa moja na nusu.

Tanki lilipokuwa tupu, wanaume wanne walilisukuma kando, kisha wakaondoa matofali yake. Usawa wa koki, matone ya miaka yote yalikuwa yamechimba kitundu kwenye udongo, saizi ya kikombe cha kahawa, na chini yake lilionekana zege tupu. Gozbert aliligonga kwa kisigino. Ndumm. Watu wote walisikia utupu ulioko chini, wakarudi nyuma hatua moja. Demetria peke yake hakurudi. Sauti ile aliijua. Ilikuwa imemwamkia kila alfajiri, na yeye anaitafutia fundi wa koki.

Loveness, aliyevaa sare na aliyekwisha kuchelewa shule, alipewa brashi ya kufulia kwa sababu mikono yake midogo iliingia kwenye kona. Alisugua amechuchumaa. Bi Tabu aliletewa kiti akakaa, kanga safi, kalamu mkononi tayari, barua imetolewa kwenye bahasha, iko mapajani juu ya Msahafu ili iwe na kitu kigumu chini. Nyuma kabisa alikuwa amekuja Mzee Salumu, bila kualikwa, kofia kaivua, mikono ya mkaa kaificha mgongoni. Hakudai soda.

Udongo uliondoka, maji yakamwagwa, na herufi zikatokea. Hazikuwa nyingi. Zilikuwa kubwa, zimeinamia upande, za mtu asiye na haraka.

Gozbert alikuwa wa kwanza kuzisoma. Akamgeukia mkewe kwa uso ambao Demetria hakuwahi kuuona tangu siku ya harusi yao. Farida alizisoma, akaurekebisha mtandio ambao ulikuwa sawa. Watu wenye ndoo walizisoma. Demetria alizisoma, akalishika tanki. Mzee Salumu alikuwa anaangalia juu, kama anayetaka kujua iwapo mvua itanyesha.

"Panasemaje?" Bi Tabu aliuliza.

Mahali fulani ndoo iligusa ndoo.

"Nimeuliza. Jina la babu lipo?"

"Lipo, mama," Farida alisema kwa sauti ndogo.

"Na kazi yake?"

Farida alimtazama Gozbert. Gozbert aliitazama suruali yake. Bi Tabu aligeuza kichwa huku na huku, kalamu imeinuliwa, akiwatafuta kwa macho yasiyowaona, na kwa mara ya kwanza tangu Demetria amjue, alionekana kama mtoto wa miaka sita anayemuuliza baba yake kitu.

Loveness aliwashangaa watu wazima wote wale wasiojua kusoma. Aliiweka brashi chini, akakipangusa kidole kwenye sketi, akakipitisha juu ya herufi moja moja mpaka mwisho wa mstari kama mwalimu alivyomfundisha, midomo ikichezacheza. Kisha akasimama wima, mikono ubavuni, akamsomea bibi kwa sauti:

"Mfaume alishika mwavuli."